Omeprazoli ya miligramu 20: dawa nzuri inayouzwa bila maelezo yake

Hukumu yangu naiweka mwanzo, asiye na muda aishie hapa. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo kwa wenye kiungulia na vidonda, ni dawa nzuri, mfuko wa kawaida unaimudu, na inafanya kazi yake. Ila ina masharti, na wauzaji wengi hawayasemi. Watu wanaoniambia "ile dawa kwangu haisaidii" ni wengi, na nikiwauliza wanaimezaje, karibu wote jibu lao ni moja: baada ya kula, kifua kikishaanza kuwaka.

Nimeinunua kwenye famasi kubwa za mjini na kwenye maduka ya dawa muhimu ya mtaani kwetu Mbagala, za viwanda tofauti tofauti, na nimewahi kuzipima maabara. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha sosi ya nyanya na ya pilipili. Hakuna mzigo unaoingia kwenye chupa kabla sijaupima pH. Kipimo hicho huenda kutoka 0 hadi 14. Namba ikiwa ndogo asidi ni kali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Sosi lazima ikae chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa Clostridium botulinum wanaweza kuzaana ndani ya chupa iliyofungwa na kutoa sumu inayoua. Sisi hatusubiri kufika huko, tunataka 4 kushuka chini. Kwa hiyo kazini nalinda asidi isipungue, na nikirudi nyumbani nahangaika kuipunguza kwenye koo langu, maana kuonja siki, nyanya na pilipili ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya omeprazoli nilipita njia waliyopita wengi. Bibi yangu Tanga alikuwa anakoroga kipande cha magadi kwenye maji, anaacha yatulie, anakunywa ya juu. Magadi yale yale ya kulainishia maharage, yanayotoka kwenye maziwa kama Natron upande wetu na Magadi upande wa Kenya. Kemia yake iko wazi: kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zinakutana na asidi ya tumbo, inapatikana chumvi, maji na hewa ya ukaa, ndiyo ile mbweu kubwa inayompa mtu faraja. ENO ni kemia hiyo hiyo iliyosafishwa na kupimwa. Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na alumini ni ndugu zao wasio na povu. Wote hawa wanashughulika na asidi ambayo tayari imeshamwagwa. Unafuu unakuja ndani ya dakika chache, na baada ya saa moja au mbili umekwisha. Tena pakiti moja ya ENO ya gramu 5 ina sodiamu karibu gramu 0.85, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote. Mtu wa presha anayekunywa pakiti mbili kila jioni ajue anachokinywa.

Omeprazoli haigusi asidi iliyokwisha kumwagwa. Inakwenda kwenye chanzo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa masharti yote ya dawa hii yanatoka hapo.

Ukuta wa tumbo una seli zenye pampu ndogo za protini. Kila pampu inasukuma haidrojeni yenye chaji kwenda tumboni na kuchukua potasiamu kuirudisha ndani. Asidi upande wa tumbo inakuwa kali zaidi ya mara milioni moja kuliko ilivyo kwenye damu. Mimi mwenye kushika mita ya pH kila siku, namba hiyo bado inanisimamisha. Dawa za kizazi cha kwanza za kuzuia asidi hazikuifikia pampu yenyewe. Simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black na wenzake kule Uingereza na kuingia sokoni mwaka 1976, ilizuia histamini isiifikishie seli amri ya kutoa asidi. Black alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Ranitidini ilikuja nyuma yake, na wengi wa rika langu tumeimeza sana, hadi nchi nyingi zilipoiondoa sokoni mwaka 2019 na 2020 baada ya kukutwa na NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Omeprazoli yenyewe ilibuniwa mwaka 1979 na wanakemia wa Hässle, kampuni iliyokuwa chini ya Astra, huko Mölndal nchini Uswidi, ikaanza kuuzwa mwaka 1988 kwa jina la Losec. Ujanja wao ulikuwa huu: unachokimeza bado si dawa kamili. Kinapita tumboni kikiwa kimefunikwa, kinafunguka kwenye utumbo mwembamba, kinaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayokifikisha kwenye zile seli kwa mlango wa nyuma. Kikikuta asidi kali kwenye vijia vya seli hizo, ndipo kinabadilika umbo na kuishika pampu. Kikishaishika hakiiachii, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa. Pampu hiyo imekwisha kazi, na seli inalazimika kutengeneza nyingine mpya.

Sasa unganisha mambo mawili. La kwanza, omeprazoli haikai kwenye damu; nusu yake huondoka kwa takriban saa moja. La pili, inashika pampu zinazofanya kazi tu, na pampu nyingi huamshwa na chakula. Basi dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya damu wakati chakula kinapoziamsha. Ndiyo maana inamezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Ukimeza saa tano usiku baada ya ugali na samaki wa kukaanga, dawa inaweza kufika pampu nyingi zikiwa zimeshapumzika, ikazunguka na kuondoka. Na hata ukiimeza sawasawa, siku ya kwanza haiwezi kuzikamata zote, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimelala na mpya zinaendelea kutengenezwa. Nguvu yake kamili inaonekana siku ya tatu hadi ya tano. Mtu anayemeza moja leo kwa sababu jana alikula pilipili, kesho akaacha, hajaitumia dawa hii bado.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Daktari aliniandikia kapsuli moja kila asubuhi kwa wiki nne. Siku mbili za mwanzo niliendelea kuamka usiku na ladha ya chuma kooni, na vidonge vya kutafuna vilikuwa karibu na mto. Wiki haijaisha nikaanza kulala usiku mzima bila kuinua kichwa cha godoro. Kikohozi kikavu cha alfajiri, ambacho nilikuwa nakilaumu vumbi la barabara ya Kilwa, nacho kikapotea. Nikiwa kwenye dozi sijapata tatizo kubwa. Kichwa kiliuma kidogo mwanzoni kikaacha. Wengine hupata kuharisha au tumbo kujaa.

Nije kwenye bidhaa. Ukifungua kapsuli ya omeprazoli huoni unga, unaona chembe nyeupe za duara, ndogo kuliko ulezi. Kila chembe imepakwa utando usioyeyuka kwenye asidi, ila unayeyuka pH inapopanda kama ilivyo kwenye utumbo. Utando huo ndio nusu ya thamani ya dawa, kwa sababu omeprazoli ikikutana na asidi kabla ya wakati wake inaharibika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usitafune, usisage. Mgonjwa asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kufunguliwa kapsuli hiyo na kuwekewa chembe zake kwenye kijiko cha juisi ya tufaha, akameza bila kutafuna.

Hapo ndipo udadisi wa kazi yangu ulinisukuma. Nilichukua kapsuli za viwanda viwili nilizonunua madukani, nikaweka chembe kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.1 molari, ambayo ukali wake unakaribiana na wa tumbo tupu, nikaziacha saa mbili. Za kwanza zilibaki nyeupe na nzima mpaka mwisho. Nilipozihamishia kwenye maji ya bikaboneti zikaanza kulainika na kuachia, kama inavyotakiwa. Za pili hazikufika hata nusu saa. Zilianza kuvimba, maji yakageuka rangi ya zambarau iliyofifia, kisha kahawia. Hiyo ndiyo rangi ya omeprazoli inayokufa. Mtu aliyemeza kapsuli zile alilipa pesa yake, dawa nyingi ikaharibika kabla haijaufikia utumbo.

Kiwanda sikitaji, kwa sababu jaribio la bika mbili si ukaguzi wa kisheria, na sijui kapsuli zile zilikaa wapi kabla hazijanifikia. Na ndicho ninachokishuku zaidi: utunzaji. Omeprazoli inachukia unyevu, joto na mwanga, na Dar es Salaam ina vyote vitatu kwa wingi. Zile zilizofaulu zilikuwa kwenye karatasi zake za alumini pande zote mbili, ndani ya boksi, kwenye famasi yenye kiyoyozi. Zilizofeli zilikuwa zimetolewa kwenye kopo na kuhesabiwa ndani ya bahasha ya khaki, dukani penye bati la moto. Tangu hapo sinunui omeprazoli ya bahasha hata ikiwa nusu ya bei, na nawashauri msinunue. Tazama karatasi yake kama ina jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ukiwa na shaka peleka taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo kazi yao.

Kuhusu bei, karatasi ya kapsuli kumi zilizotengenezwa India au hapa Afrika Mashariki nimeipata kwa pesa isiyofika sahani ya chipsi mayai. Zile za jina la kampuni iliyoivumbua ni ghali mara nyingi zaidi, na kwa kiungulia changu sikuona tofauti ya kulipia. Esomeprazoli, pantoprazoli na lansoprazoli ni za ukoo ule ule. Muuzaji akikwambia moja wapo ni "kali kuliko zote", muulize kwa nini daktari wako hakuiandika.

Huduma ya dukani ndiyo iliyonikasirisha kuliko vyote. Duka moja hapa mtaani, kijana mpole, amenisalimia vizuri tu.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Naomba omeprazoli."

Akanipa, akaandika juu ya boksi "1 x 2", yaani moja mara mbili kwa siku. Nikamuuliza, kabla ya kula au baada?

"Yoyote tu mama, ila ukishakula ni vizuri zaidi, isikuumize tumbo."

Hakunidanganya kwa ubaya. Amezizoea dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kweli humezwa baada ya kula. Lakini ushauri huo huo kwenye omeprazoli unaipunguzia dawa nguvu, na mgonjwa anarudi baada ya siku tatu kusema haisaidii, anapewa mara mbili zaidi. Hakuniuliza nameza dawa gani nyingine, wala nina mimba au la, wala nimekuwa na tatizo hili kwa muda gani. Famasi nyingine, mjini, dada wa dirishani aliniuliza yote hayo kabla hajashika boksi. Pale ndipo ninaponunua sasa, japo nauli inaongezeka.

Swali la dawa nyingine si la kujaza muda. Mgonjwa wa moyo anayetumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda anapaswa kumwambia daktari, kwa sababu omeprazoli inazuia kimeng'enya cha ini kinachoiamsha dawa hiyo. Na kwa wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri, jambo ni la kinyume na wengi wanavyodhani: omeprazoli haina shida nayo, shida iko kwenye vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na alumini. Madini hayo yanaishika dolutegraviri tumboni isifyonzwe. Inatakiwa imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Vidonge hivyo vinauzwa kiholela kama pipi, na sijawahi kusikia muuzaji akilitaja hilo.

Halafu kuna gharama ya kuipunguza asidi yenyewe. Nilisema kiwandani nailinda asidi kwa sababu inazuia vijidudu. Tumbo nalo linafanya kazi hiyo hiyo, pH yake ya kawaida likiwa tupu ni kati ya 1 na 3, na vijidudu vingi vya kwenye maji na chakula vinafia humo. Ukiizima pampu, geti linalegea. Watumiaji wa dawa hizi hupata maambukizi ya utumbo, kama salmonela, kwa urahisi zaidi, na kipindupindu kinajulikana tangu zamani kwamba humshambulia kwa urahisi mtu mwenye asidi kidogo tumboni. Kwa hiyo wakati wa masika nikiwa kwenye dozi, maji nachemsha bila kujadiliana na mtu, na kachumbari ya barabarani naiacha, hata ikitiwa ndimu. Ndimu ya sahani haitoshi kufanya kazi ya tumbo. Anayeitumia kwa miaka anaweza pia kupungukiwa vitamini B12, madini ya chuma na magnesiamu, na mifupa yake inahitaji kuangaliwa. Haya hayamhusu sana mtu wa wiki nne. Yanamhusu yule anayenunua karatasi mpya kila mwezi bila kumwona daktari tangu mwaka juzi.

Huyo nina neno naye zaidi. Hapa mtaani kila maumivu ya juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo, na dawa yake inanunuliwa kwa kuelekezana. Vidonda halisi kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Sosi yangu ya pilipili inaweza kukuwasha na kukuamshia kiungulia, lakini haichimbi kidonda. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao mwaka 1984 ili kuonyesha wanachofanya tumboni, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Omeprazoli peke yake inapoza kidonda na kukipa nafasi ya kufunga, bakteria wanabaki, kidonda kinarudi. Tiba ni omeprazoli pamoja na antibayotiki, kwa mfano amoksisilini na klarithromisini, asubuhi na jioni kwa siku 14 bila kuruka. Hapo "1 x 2" ina maana.

Na ukienda kupima, omba kipimo cha choo au cha pumzi. Cha damu kinaonyesha kingamwili tu, ambazo hubaki hata baada ya kupona. Uwe umeacha omeprazoli wiki mbili kabla na antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kutoka safi huku bakteria wamejificha. Jirani yangu alipimwa akiwa katikati ya dozi, akaambiwa hana kitu. Aliporudia baada ya kuacha dawa, wakaonekana. Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, chakula kinakwama ukimeza, au nguo zinaanza kukupwaya, usinunue chochote dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuacha nako kuna lake. Pampu zikizimwa wiki nyingi, mwili hujibu kwa kuongeza gastrini, homoni inayoamrisha asidi itolewe, na siku unapoacha ghafla asidi inakuja kwa wingi kuliko awali. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2009 jaribio la watu wazima 120 wenye afya, wasio na kiungulia kabisa. Nusu walipewa esomeprazoli kwa wiki nane. Baada ya kuacha, asilimia 44 ya hao walipata dalili za asidi, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Watu wazima wenye matumbo mazuri! Kwa hiyo kiungulia kikirudi wiki ya kwanza baada ya kuacha, usikimbilie kusema ugonjwa umerudi na wewe ni wa dawa hii maisha yako yote. Mimi daktari alinipunguzia taratibu, siku moja nameza, siku moja naruka, nikavusha wiki mbili za mwanzo kwa vidonge vya kutafuna. Nikaacha pia kula na kulala papo hapo, nikainua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya tofali. Sasa inapita miezi bila kuihitaji.

Naipa dawa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia kwa sababu ya karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Katika maboksi yote niliyonayo ni Kiingereza kitupu, kwingine na Kifaransa, herufi ndogo za kuhitaji miwani, na sharti kubwa kuliko yote liko katikati ya aya ndefu. Dawa inayouzwa Mbagala, Tandahimba na Sumbawanga inastahili Kiswahili juu ya boksi lenyewe, kwa wino mweusi: meza asubuhi kwa maji, nusu saa kabla ya kula, usitafune, ukizidisha wiki nne bila daktari, kamwone.